Jiwe Halijui Chakra Yako

Anayeanza mazoezi ya chakra siku hizi huambiwa achague mawe kabla hajafundishwa kuvuta pumzi. Orodha yenyewe imeshazoeleka: yaspi nyekundu kwa chakra ya mzizi, mwishoni mwa uti wa mgongo, akiki ya rangi ya chungwa kwa ile ya chini ya kitovu, sitrini ya njano kwa ya juu ya kitovu, kwatzi ya waridi, au jiwe lolote la kijani, kwa moyo, lazuli ya buluu kwa koo, amethisto kwa paji la uso, kwatzi nyeupe kwa utosi. Kila fuwele, tunaambiwa, ina mtetemo wake, na mtetemo huo huamsha kituo cha nishati chenye rangi inayolingana nao. Ukichagua vyema utafunguka, ukichagua vibaya utabaki umeziba. Orodha hii inauzwa London na California, na imeshafika kwenye madarasa ya yoga ya Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar.

Naipinga orodha hiyo yote, tangu mzizi hadi utosi. Sipingi yoga wala kutafakari, na simzuii mtu kupenda jiwe zuri. Ninachokipinga ni dai kwamba rangi ya jiwe huonyesha kazi yake mwilini, na kwamba anayechagua kwa kufuata rangi anafuata hekima ya kale. Dai hilo si la kale. Halina msingi ndani ya jiwe lenyewe. Na baya zaidi, linampokonya mfanya mazoezi sifa ya kazi anayoifanya kwa mwili na akili yake mwenyewe.

Tuanze na ukale, maana hiyo ndiyo ngao ya kwanza ya wauzaji. Chakra zina asili ya kweli katika mapokeo ya tantra ya Bara Hindi, na mapokeo hayo yanastahili heshima. Lakini hayakuwahi kuwa na orodha moja. Maandiko mengine ya tantra hutaja vituo vitano, mengine sita, mengine vinane au zaidi, kwa kuwa kila shule ilivipanga kulingana na miungu na mantra zake. Mpangilio wa vituo sita, na juu yake ua la petali elfu moja utosini, ndio uliosafiri kwenda Ulaya na Marekani. Umo katika Sat-chakra-nirupana, andiko la Purnananda wa Bengal la mwaka 1577. John Woodroffe, jaji Mwingereza wa Mahakama Kuu ya Calcutta, alilitafsiri na kulichapisha mwaka 1919 katika kitabu The Serpent Power, akitumia jina la kalamu la Arthur Avalon.

Hebu tazama rangi zilizomo humo. Kituo cha chini kabisa, ambacho leo tunaambiwa kinataka jiwe jekundu, kina mraba wa njano unaowakilisha ardhi. Cha pili kina mwezi mwandamo mweupe wa maji. Cha tatu kina pembetatu nyekundu ya moto, wala si njano. Cha moyo kina umbo la pembe sita lenye rangi ya moshi, likizungukwa na petali nyekundu. Cha koo kina duara jeupe kama mwezi mpevu. Moyo wa kijani haumo. Upinde wa mvua haumo. Na hamna agizo hata moja la kulaza mawe juu ya mwili. Anayetafakari kwa andiko lile hupewa herufi za Kisanskriti zilizoandikwa juu ya petali, mantra za kutamka, na sura za miungu za kuziona moyoni. Hiyo ni kazi ya miaka mingi chini ya mwalimu, na haina njia ya mkato ya kupitia dukani.

Rangi za upinde ziliingia baadaye sana, na tunajua zilikopitia. Charles Leadbeater, Mwingereza wa Jumuiya ya Theosofia, alichapisha The Chakras mwaka 1927, akieleza rangi alizodai kuziona mwenyewe, na hizo nazo hazilingani na za Purnananda. Mpangilio wa ngazi saba kutoka nyekundu hadi zambarau ulienezwa miaka ya 1970 huko California na Christopher Hills kupitia kitabu chake Nuclear Evolution. Hata hesabu ya rangi saba katika upinde ilitoka Uingereza: Isaac Newton, katika Opticks ya mwaka 1704, aligawa mwanga katika rangi saba ili zilingane na noti saba za muziki. Kisha mwaka 1985 Katrina Raphaell akachapisha Crystal Enlightenment, na kulaza mawe juu ya chakra kukawa somo la kawaida la Magharibi. Mtu aliyezaliwa mwaka 1960 ni mkubwa kuliko mafundisho haya yanayoitwa ya maelfu ya miaka.

Nao Wahindi wa kale hawakukosa elimu ya vito. Walikuwa nayo, tena yenye kina. Navaratna, yaani vito tisa, ni mpangilio wao mashuhuri: yakuti nyekundu ni ya Jua, lulu ya Mwezi, marijani ya Mirihi, zumaridi ya Utaridi, yakuti ya njano ya Mshtarii, almasi ya Zuhura, yakuti ya buluu ya Zohali, na mawe mawili yaliyobaki ni ya Rahu na Ketu, wanaohusishwa na kupatwa kwa Jua na Mwezi. Vito hivyo vilifungamana na falaki. Havikufungamana na vituo vya uti wa mgongo. Siitetei elimu ya nyota hapa. Nasema tu kwamba anayetaja India ili auze amethisto ya paji la uso anaitaja India ambayo haikumwambia hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki tunao ushahidi ulio wazi kuliko wote. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na Jumanne Ngoma ndiye anayetambuliwa na taifa kwa ugunduzi huo. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikaitangaza duniani kwa jina hilo. Haichimbwi mahali pengine popote. Hata hivyo, leo inauzwa kama jiwe la koo, la paji la uso na la utosi, kana kwamba wahenga wa tantra waliwahi kuishika mkononi. Jiwe la kijani lenye madoa ya yakuti nyekundu kutoka Longido nalo limepewa kazi ya moyo na ya mzizi kwa pamoja, kwa sababu tu lina rangi mbili. Kwatzi ya njano kutoka Kongo inauzwa kwa jina la Kundalini, jina la Kisanskriti lililobandikwa sokoni juu ya jiwe la Afrika ya Kati. Aliyegawa kazi hizo hakurithi elimu yoyote kuhusu mawe haya. Alitazama rangi, akafungua orodha, akajaza nafasi.

Basi na tuiulize rangi yenyewe inatoka wapi. Amethisto ni kwatzi yenye chembechembe za chuma, iliyopata zambarau yake kwa mnururisho wa asili ndani ya miamba. Ukiichoma kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi, zambarau hutoweka na njano hutokea. Sehemu kubwa ya sitrini iliyoko madukani imepatikana kwa njia hiyo, hasa kutokana na amethisto ya Brazili. Tena amethisto ya baadhi ya migodi ya Brazili ikichomwa hugeuka kijani. Fikiri maana yake: jiwe lile lile lilikuwa la paji la uso asubuhi, limetoka tanurini likiwa la kitovu, na pacha wake ametoka akiwa wa moyo. Madini hayakubadilika. Kilichobadilika ni hali ya chuma kidogo kilichomo na namna kinavyoufyonza mwanga. Ikiwa kazi ya jiwe inafuata rangi, basi anayeigawa kazi hiyo ni mwenye tanuri.

Tanzanaiti nayo ni hivyo hivyo. Mara nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, na buluu yake inayosifiwa duniani hutokea baada ya kuchomwa, kwa sababu ya vanadiamu iliyomo. Mabroka wa Arusha na Mererani wanalijua hilo na hawalifichi, kwani kuchoma ni sehemu halali ya biashara ya vito. Wanaolikwepa ni wale wanaouza buluu hiyo kama sauti ya ulimwengu inayozungumza na koo lako.

Hoja ya pili ya watetezi ndiyo inayowavutia wasomi: mtetemo. Wanasema kwatzi hutetemeka, na ndiyo maana imo ndani ya saa. Ukweli wenyewe ni mzuri kuliko wanavyousimulia. Ndugu Pierre na Jacques Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele kama kwatzi zikibanwa hutoa umeme kidogo, na baadaye ikathibitika kwamba umeme nao huzifanya zitikisike. Ndani ya saa, kipande kidogo cha kwatzi kilichochongwa kwa umbo la uma hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Lakini hutetemeka kwa kuwa betri inakisukuma. Ondoa betri, kinanyamaza. Na idadi ile ya mitetemo hutokana na ukubwa wa kipande na jinsi kilivyochongwa. Rangi haina neno hapo. Jiwe lililolazwa juu ya tumbo la mtu halina betri, halina saketi, na hakuna aliyelichonga ili liitikie kiungo fulani.

Kuna jambo jingine linaloivunja hoja hiyo kabisa. Rudi kwenye orodha ya mawe saba niliyoitaja mwanzo. Yaspi, akiki, sitrini, kwatzi ya waridi, amethisto na kwatzi nyeupe: yote sita ni madini ya aina moja, muungano wa silikoni na oksijeni. Yaspi na akiki zina fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na zote sita hutofautiana kwa chembe chache za chuma na vitu vingine vilivyochanganyikamo. Kati ya saba, ni lazuli peke yake iliyo jamii nyingine. Kama mtetemo ungetokana na maumbile ya fuwele, mawe sita ya chakra sita yangekuwa na hulka moja. Muuzaji anauza kwatzi mara sita, kwa ahadi sita tofauti.

Hapo ndipo mtetezi anaposema neno lake la mwisho: “Mimi nimehisi.” Neno hili sitalidharau, kwa sababu kuhisi ni kweli. Mtu anayesema mkono wake ulipata joto na moyo wake ukatulia hasemi uongo. Swali ni kilichouleta utulivu ule. Mwaka 2001 Christopher French, mwanasaikolojia wa Goldsmiths, Chuo Kikuu cha London, aliwasilisha matokeo ya jaribio lenye watu 80 waliojitolea. Walitafakari wakiwa wameshika kipande mkononi: wengine kwatzi halisi, wengine kioo cha kawaida kilichofanana nayo. Wengi walieleza walichohisi: joto, msisimko, utulivu. Lakini walioshika kioo walihisi sawa na walioshika kwatzi. Kilicholeta tofauti ni maneno: waliodokezwa kabla kwamba watahisi mambo fulani, waliyahisi zaidi.

Mwaka huo huo Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ utafiti juu ya watu 23 wenye afya. Waliwapa kusoma Salamu Maria kwa Kilatini, kama inavyosaliwa katika rozari, na mantra ya yoga. Sala ile na mantra ile, zilizozaliwa katika dini na mabara tofauti, zote zilishusha pumzi hadi kiasi cha sita kwa dakika, na mwili ukaitikia kwa kuuratibu vizuri zaidi mwenendo wa moyo na shinikizo la damu. Hapakuwa na jiwe la rangi yoyote. Palikuwa na pumzi ya taratibu, maneno yanayorudiwa, na akili iliyokaa mahali pamoja. Kazi ilifanywa na mtu. Kulipatia jiwe sifa hiyo ni kuisifu sinia kwa utamu wa pilau.

Wapo watakaoniambia: hata kama ni imani tu, imani ikimtuliza mtu ina ubaya gani? Ubaya ni kwamba imani hii ina mwenye duka. Ukiwa umefundishwa kwamba utulivu unatoka kwenye jiwe, basi siku utulivu usipokuja utaambiwa kasoro iko kwenye jiwe: ulichagua lisilokufaa, halijaoshwa kwa chumvi, halijafukizwa, halijalala chini ya mwezi mpevu, au linahitaji mwenzake wa kulitia nguvu. Hakuna matokeo yanayoweza kuonyesha kwamba fundisho limekosea. Kila matokeo huonyesha kwamba mnunuzi amekosea. Sisi tunaijua mbinu hiyo kwa sura nyingine. Ni ile ile ya pete ya bahati inayouzwa kwa ahadi ya mali na mapenzi, na ikishindwa mwenye nayo huambiwa amevunja mwiko. Tunaomcheka anayenunua pete ya bahati hatuna haki ya kumsifu anayenunua seti ya mawe saba ya chakra kwa sababu tu imefungwa kwa karatasi nzuri na maelezo yake ni ya Kiingereza.

Ubaya mwingine ni wa afya. Kuna wanaoloweka mawe katika maji ya kunywa ili wanywe nguvu zake. Malakiti ya Katanga, inayouzwa kwa ajili ya moyo, ni kaboneti ya shaba. Ikikutana na asidi, hata ya ndimu, huachia shaba majini. Galena ni madini ya risasi. Sinaba, jiwe jekundu la kupendeza, ni madini ya zebaki. Orodha ya rangi haikuonyi kuhusu lolote kati ya haya, kwa kuwa inaona rangi tu. Hata madai ya tiba yasiyo na sumu yamefika kwenye sheria: mwaka 2018 kampuni ya Goop ya Marekani ilikubali kulipa dola 145,000 kumaliza shauri lililoletwa na waendesha mashtaka wa California, lililohusu pia madai yake kwamba mayai ya jade na ya kwatzi ya waridi yanarekebisha mambo ya uzazi na homoni za wanawake. Mwanamke anayetokwa na damu isivyo kawaida anahitaji daktari. Kila juma analosubiri jiwe lifanye kazi ni juma ambalo ugonjwa unalitumia.

Na kuna ubaya ambao sisi wa ukanda huu tunapaswa kuwa wa kwanza kuusema. Mawe haya huuzwa kwa maneno ya usafi: nishati safi, nuru, upendo. Kuhusu mikono iliyoyachimba, kimya. Mwaka 2019 gazeti la The Guardian lilichapisha uchunguzi kutoka Madagaska, kunakotoka kwatzi nyingi ya waridi, ukionyesha watu wazima na watoto wakichimba kwa zana duni na malipo madogo. Mererani, wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, wameshuka mashimoni kwa miongo mingi wakifuata tanzanaiti, na mwezi Machi 2008 mvua kubwa zilifurika migodini na kuua makumi yao. Jiwe lina historia ya kweli, yenye jasho na vifo ndani yake. Mnunuzi anayefundishwa kuuliza “hili ni la chakra gani?” anafundishwa pia kutouliza nani alilitoa ardhini na alilipwa nini.

Je, jiwe halina nafasi yoyote katika mazoezi? Linayo, na haihitaji uongo. Mapokeo mengi yanaijua nafasi hiyo. Mala ya Kihindi ina shanga 108 za kuhesabia mantra. Waislamu wana tasbihi, Wakatoliki wana rozari. Akiki tunaifahamu Pwani kwa karne nyingi. Shanga zake, zilizochongwa Khambhat huko Gujarat, zimefukuliwa katika magofu ya miji kama Kilwa. Kitu kidogo, kizito kidogo na laini mkononi huipa akili mahali pa kurudi inapotangatanga. Kwa kazi hiyo, chagua jiwe kwa mguso wake na uzito wake. Chagua rangi uipendayo, kwa kuwa unaipenda. Kokoto ya ufukweni itakufaa sawa na amethisto, na walimu waaminifu wa yoga wanapaswa kulitamka hilo mbele ya wanafunzi wao badala ya kuwapa orodha ya kununua.

Kizuri chajiuza, walisema wazee wetu, na vito ni vizuri. Akiki, zumaridi, yakuti na tanzanaiti zimependwa kwa uzuri wao, na uzuri huo hauhitaji kutafutiwa kazi ya uganga ili upate bei. Kuuliza nako si ujinga. Muulize muuzaji jiwe limetoka mgodi gani, limechomwa au limetiwa rangi, ni madini au ni kioo. Akijibu kwa habari za chakra, hajakujibu. Na kwa wale wanaofundisha: wafundisheni watu kukaa, kunyoosha mgongo, kuvuta pumzi taratibu na kurudi kesho. Anayetaka jiwe alinunue kwa bei ya jiwe, anayeumwa aende hospitali, na anayetaka utulivu aanze leo hii kwa pumzi yake mwenyewe, ambayo hakuna anayeweza kumuuzia.